Jicho liko wapi? Kwa nini jani moja huzaa mmea na jingine huota mizizi tu

Jani lilifika Tanga kwa basi la kutoka Dar es Salaam, limeviringishwa kwenye gazeti bichi na kulazwa ndani ya boksi la viatu. Lilikuwa jani la monstera, lile lenye matundu, pana kuliko uso wangu, na mwisho wa kikonyo chake ilining'inia mizizi minne myeupe. Nililinunua kwa shilingi 35,000 kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniambia kwamba limeshashika, kazi iliyobaki ni kulipanda tu.

Nikalitia kwenye chupa ya maji dirishani ili kwanza mizizi iongezeke. Ikaongezeka kweli, ikajaa chupa nzima. Nikalihamishia kwenye chungu. Miezi kumi na minne ikapita na jani likabaki vilevile: halikunyauka, halikufa, wala halikutoa jani la pili.

Shangazi yangu, ambaye amelima muhogo Muheza tangu kabla sijazaliwa, alikuja mjini kwa ajili ya arusi. Asubuhi moja alikichukua kile chungu, akapapasa kikonyo kwa dole gumba kutoka juu hadi kwenye udongo, vilevile anavyopapasa pingili kabla ya kuipanda.

"Jicho lake liko wapi, mwanangu?"

"Lina mizizi, shangazi. Ukilifukua utaona ilivyo mingi."

"Mizizi sikatai. Mimi nauliza jicho."

Halikuwepo. Nilichonunua kilikuwa jani tu, limekatwa juu ya shina, likaoteshwa mizizi, likauzwa. Lingeweza kuishi miaka mingine miwili au mitatu hivyo hivyo bila kuzaa chochote. Tangu siku ile, kila mtu anayeniuliza kwa nini kipando chake hakikui, swali langu la kwanza ni la shangazi. Na nimeona kwamba ukishalielewa swali hilo moja, karibu mkanganyiko wote wa kuzalisha mimea ya ndani unafunguka: kwa nini pothosi ni rahisi hivyo, kwa nini mmea uitwao ZZ unachelewa kupita kiasi, kwa nini sansevieria ya majani marefu yenye kingo za njano inazaa watoto wa kijani kitupu, na kwa nini asali na mdalasini haviwezi kuokoa kipando kilichokatwa vibaya.

Tunachokijua shambani

Muhogo tunaupanda kwa pingili. Kila mahali jani lilipodondoka pamebaki kovu, na juu ya kovu kuna kiuvimbe kidogo. Hilo ndilo jicho. Kipande kisicho na jicho ni kuni. Marando ya viazi vitamu tunayalaza na kufukia vifundo viwili vitatu, kwa kuwa mizizi na machipukizi hutokea hapo. Tangawizi tunaimega kwa kuangalia kila kipande kibaki na jicho, na mgomba hatuukati vipande kabisa, tunang'oa chipukizi pamoja na tunguu yake.

Mimea tunayoweka sebuleni ilitoka kwenye misitu ya nchi za joto na inafuata kanuni ileile. Mmea hauongezeki kila mahali kwenye mwili wake. Unakua kwenye ncha za mashina, kwenye ncha za mizizi, na kwenye macho yaliyokaa katika makwapa ya majani, yaani pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina. Ndani ya kila jicho kuna seli changa ambazo bado hazijapewa kazi, na ndiyo sababu zinaweza kujenga shina jipya na majani yake. Jani lenyewe ni kiungo kilichokwisha kukua. Likishafikia ukubwa wake, limefika.

Sasa, kama jani halina jicho, mizizi yake ilitoka wapi? Jani lililokatwa bado linatengeneza sukari kwa mwanga, na linaendelea kutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo husafiri kushuka. Lingekuwa bado kwenye mmea, auksini ingepita kwenye kikonyo na kuteremka na shina. Kikonyo kikikatwa, inafika ukingoni na kujaa hapo. Seli zilizo karibu na mirija ya maji na chakula huupokea mrundikano huo kama amri ya kujenga mizizi. Mimea mingi ya ndani inaitii amri hiyo bila shida.

Kujenga jicho ni kazi nyingine. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller, wakiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, walikuza vipande vya kiini cha shina la tumbaku juu ya chakula cha maabara na kubadilisha kiasi cha homoni mbili. Auksini ilipozidi, vipande viliota mizizi. Ilipozidi ile ya pili, ya kundi la saitokinini, vilitoa machipukizi. Zilipolingana, vilivimba tu kuwa donge lisilo na umbo. Jaribio hilo ndilo msingi wa maabara zote zinazozalisha miche ya migomba kwa chupa leo, nalo linaeleza jani langu vizuri: lilikuwa na auksini ya kutosha kuota mizizi ya kujaza chungu, lakini hapakuwa na kitu ndani yake cha kuanzisha chipukizi. Mizizi na chipukizi ni matokeo ya amri mbili tofauti, na kuiona moja si ahadi ya kuipata nyingine.

Auksini hiyohiyo inaeleza kwa nini pingili ya muhogo haipandwi kichwa chini. Njia yake ndani ya shina ina upande wa juu na wa chini, na kukigeuza kipande hakubadilishi njia hiyo. Wakulima huangalia macho yanaelekea wapi kabla ya kuchomeka. Ukikata jani la sansevieria vipande vitano na ukasahau upi ulikuwa upande wa chini, vile utakavyovigeuza havitaota mizizi. Mimi huweka alama kwa wembe: upande wa chini naukata mshazari, wa juu naukata sawa.

Pothosi na jamaa zake

Pothosi, ile inayotambaa yenye majani kama moyo na madoa ya njano, ni mwalimu mzuri kwa sababu kila kitu chake kiko wazi. Ukiufuata utambaa wake kwa kidole utasikia kifundo, kisha sehemu laini, kisha kifundo kingine. Kwenye kila kifundo kuna jani, kwenye kwapa la jani kuna jicho, na upande wa pili kuna kipele cha kahawia kigumu. Kipele hicho ni mzizi ulioanza kuumbwa, unasubiri kugusa unyevu. Kata upana wa kidole chini ya kifundo, tia kifundo ndani ya maji na jani libaki nje, na kwenye joto la pwani utaona weupe wa mzizi ndani ya wiki moja au mbili. Ukikata katikati, mbali na kifundo, ukachukua jani na kikonyo chake peke yake, utakuwa umetengeneza jani kama lile la boksi la viatu.

Mmea huu asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Polinesia ya Ufaransa, na hautoi maua karibu kamwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha sababu: una hitilafu katika jeni inayohusika na kutengeneza homoni ya jiberelini, na watafiti walipoupulizia homoni hiyo ulitoa maua. Bila maua hakuna mbegu. Kwa hiyo pothosi zilizoko kwenye nyumba za watu kuanzia Mombasa hadi Muscat zimetoka kwenye vipando, mkono hadi mkono. Unapompa jirani utambaa wenye vifundo vitatu unaendeleza njia pekee ambayo mmea huo umesambaa nayo duniani.

Tena usiogope kuukata. Anayechuma matembele anajua kwamba ukivunja ncha, baada ya siku chache pale ulipovunja zinatoka ncha mbili. Ncha ya juu huyazuia macho ya chini yasiamke, na sehemu ya zuio hilo hufanywa na auksini inayoshuka kutoka kwake. Ukiiondoa, macho yaliyolala yanapata nafasi. Pothosi iliyorefuka ikawa kamba tupu inakuwa kichaka kwa njia hiyo, na vipando unavipata humo humo.

Monstera, filodendroni na singoniamu zinafuata njia ileile. Ukiwa unanunua kipando cha mmea wowote katika hawa, hasa wale wenye mabaka meupe ambao huuzwa ghali, omba picha ya sehemu ya chini iliyopigwa karibu. Tafuta kipande cha shina na kovu au kiuvimbe cha jicho. Kama picha inaonyesha kikonyo laini kinachoishia kwenye mizizi, usitoe pesa, hata mizizi iwe mizuri namna gani.

ZZ, mmea wa kwetu unaorudi kwa meli

Hapa nataka kukaa zaidi, maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na pia kwa sababu mmea huu ni wetu. Zamioculcas zamiifolia, unaojulikana kwa wauza maua wote kama ZZ, ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki na Kusini: Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, hadi KwaZulu-Natal. Huota kwenye misitu mikavu, mahali penye mawe na kivuli, ambako mvua ikikata hukata kwelikweli. Wataalamu wa Ulaya waliuandika tangu mwaka 1829, lakini haukuwa bidhaa kubwa mpaka vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuuzalisha kwa wingi karibu mwaka 1996. Ndiyo maana leo mtu wa pwani anaweza kuuziwa kama mmea wa kigeni kitu ambacho babu yake alikuwa akikikanyaga akienda kutafuta kuni.

Ugumu wa ZZ unaanza na macho yetu wenyewe kutudanganya. Zile fito nene za kijani zinazosimama kutoka kwenye chungu, zenye vijani vinavyong'aa kila upande, tunaziona kuwa mashina. Si mashina. Ufito mmoja mzima, kuanzia kwenye udongo hadi ncha, ni jani moja lililogawanyika. Shina halisi liko chini ya udongo: ni tunguu nene, la kahawia, linalofanana na kiazi. Macho yote ya mmea yako huko.

Rudi sasa kwenye swali la shangazi. Mtu anakata ufito wa ZZ, anautia kwenye chupa, anafikiri amekata shina lenye vifundo kama pothosi. Kumbe amekata jani, na jani halina jicho popote. Tofauti yake na monstera ni kwamba jani la ZZ lina uwezo wa kulitengeneza, kutoka mwanzo kabisa. Na kabla ya kutengeneza jicho linajenga mahali pa kuliweka: kiazi.

Kinachotokea hukioni, kwa hiyo niliamua kukifukua. Mwezi wa nne, masika yalipoanza, nilichukua majani madogo ishirini ya ZZ, yaani vile vijani vya kwenye ufito, nikayaacha juu ya meza siku moja ili vidonda vikauke, nikayachomeka kwenye trei ya mchanga wa mto, sentimita moja tu ndani. Kila baada ya wiki tatu nililing'oa moja. La kwanza lilikuwa na uvimbe mdogo mgumu pale lilipokatwa na mizizi miwili kama uzi. La pili, uvimbe umekuwa kama punje ya mtama. Kufika mwezi wa saba ulikuwa kama harage, rangi ya krimu, mviringo, na nilipoukata kwa wembe ndani ulikuwa mweupe na wenye maji kama kiazi kibichi. Juu ya udongo trei ilikuwa ileile. Mtu asiyejua angesema hakuna lililotokea kwa miezi mitatu, angemwaga mchanga na kuanza upya.

Usimwage. Kutoka jani dogo mpaka chipukizi la kwanza huchukua miezi sita, mara nyingine mwaka, na kwenye baridi zaidi ya hapo. Mmea unatumia muda huo kuweka akiba. Kwao msituni, ukame ukizidi, ZZ hudondosha majani yake, na kila jani lililoanguka mahali pazuri linaweza kujenga kiazi na kusubiri mvua. Sebuleni kwako unaangalia mbinu ileile ya kuvuka kiangazi. Majani yake ni asilimia 91 maji, na vikonyo asilimia 95, ndiyo sababu jani lililokatwa linaweza kukaa miezi bila kunyauka huku likijenga.

Mtu asiyetaka kusubiri ana njia ya mgomba: aung'oe mmea wote kwenye chungu, akung'ute udongo, atafute tunguu zinapoachana kirahisi, na azigawe kila moja ikiwa na fito zake na mizizi yake. Anapata mimea miwili au mitatu siku hiyohiyo, kwa sababu macho yako tayari. Mimi hugawa nikihitaji mmea, na hupanda majani nikihitaji mingi. Ufito mzima kwenye maji uko katikati: unajenga kiazi haraka kidogo kuliko jani dogo kwa kuwa una akiba kubwa, ila huo nao unahesabiwa kwa miezi.

Neno moja kuhusu usalama, maana kuna uvumi kwamba ZZ husababisha saratani. Hapana. Ila utomvu wake, kama wa pothosi na monstera, una chembe kali za oksaleti ya kalisi zinazowasha mdomo na ngozi. Osha mikono baada ya kukata, na trei isikae mahali mtoto anapofikia.

Ua lililoondoka Tanga

Milima ya Usambara naiona kwa mbali siku ambazo mawingu yametoka, na siwezi kuandika habari ya majani yanayozaa bila kuutaja mmea uliotoka huko. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani hapa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu au miche ya mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaupa jina la Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Tangu 2015 wataalamu wameuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wapenzi wake bado wanauita Saintpaulia.

Mwaka 1926 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche kiasi cha elfu moja na kuchagua kumi. Baada ya hapo jani lilitosha kuizalisha. Chukua jani lililokomaa la mstari wa kati, si la nje lililozeeka wala la ndani lililo changa, kata kikonyo mshazari kikibaki kama sentimita tatu, uchomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu na ulifunike kwa mfuko wa plastiki. Seli zilizo kwenye kidonda cha kikonyo hujenga mizizi, kisha hujenga macho, mara nyingi kadhaa kwa pamoja, na baada ya miezi miwili hadi minne kishada cha mimea midogo hutokeza chini ya jani mama. Mmea unaopatikana ni nakala halisi ya ule uliokatwa. Akina mama wa Marekani waliijaza nchi yao maua ya Usambara kwa kupeana majani ndani ya bahasha.

Huku kwetu mimea ya porini ya jamii hii imebaki kwenye vipande vya msitu vya milima ya Tao la Mashariki na misitu michache ya pwani, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na baadhi yake iko hatarini. Ukipanda mlimani huko Amani, Usambara, ukaiona, iache pale. Jani la kuanzia litafute kwa muuza maua.

Mtoto asiyefanana na mama

Nimesema nakala halisi, na hapo ndipo sansevieria inapoleta malalamiko. Ile yenye majani marefu kama panga na kingo za njano, ukiikata majani vipande na kuvipanda, itaota, itajenga tunguu, itatoa mtoto, na mtoto atakuwa wa kijani kitupu. Watu hudhani wamekosea mbolea au mwanga.

Hawajakosea. Jani lile limejengwa na seli za namna mbili zinazoishi pamoja: za kingo, ambazo haziwezi kutengeneza rangi ya kijani, na za ndani, ambazo zinaweza. Mmea wa namna hii huitwa kimera. Kwenye tunguu, jicho lililokwishaumbwa lina seli zote mbili zikiwa zimepangwa katika tabaka zake, kwa hiyo mtoto anayetoka hapo anazaliwa na kingo za njano. Kwenye kipande cha jani hakuna jicho. Linajengwa upya, na linajengwa na seli za ndani peke yake. Njano haina njia ya kuingia. Ukitaka rangi ibaki, gawa tunguu. Kuna aina za Saintpaulia zenye maua ya mistari kama pangaboi ambazo ziko vilevile, jani lake litakupa mmea mzuri lakini mistari mara nyingi itapotea.

Maji, dafu na kuoza

Vipando vingi vinavyokufa huwa vimeoza, na karibu kila mtu anayeniletea kipando kilichooza anasema alikimwagilia kila siku. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kipando hakina mizizi ya kunywea. Seli za pale kwenye kidonda zinahitaji hewa ili zijenge, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Tope la bustani ni kaburi. Tumia mchanga wa mto uliooshwa, usiwe wa baharini kwa sababu ya chumvi, uchanganye na maganda ya mpunga yaliyounguzwa au vumbi la makumbi lililolowekwa na kusuuzwa vizuri. Ukiufumba mkononi ushikamane, ukiufumbua uachane.

Anayetumia chupa ya maji abadilishe maji kila baada ya siku tatu nne, kwa kuwa maji ya uvuguvugu ya pwani hubeba hewa kidogo. Kidonda kikigeuka kahawia na kuteleza, kata mpaka ufike nyama ngumu yenye rangi safi, kiache kikauke, uanze upya. Na mizizi ikifika urefu wa vidole viwili, panda. Mizizi iliyoota kwenye maji hupata taabu ya kuzoea udongo, na kadiri inavyorefuka ndivyo taabu inavyozidi.

Mfuko wa plastiki unafaa kwa majani membamba kama ya pothosi na Saintpaulia, ambayo hutoa jasho kabla mizizi haijapatikana. Kwa ZZ na sansevieria usiutumie. Hizo zina maji yake ndani na mfuko utaziozesha. Mahali nako kuna uzito wake. Dodoma na ukavu wake mfuko ni wa lazima kuliko Tanga, na Nairobi au Lushoto mwezi wa saba kipando kinaweza kukaa bila kusogea mpaka joto lirudi. Rafiki yangu wa Nairobi huweka trei yake juu ya friji.

Sasa dawa za nyumbani. Mdalasini hukausha kidonda na kupunguza kuvu, basi. Hauna homoni ya mizizi. Asali inazuia bakteria, lakini ukiichanganya na maji inageuka chakula chao. Maji ya dafu yana hadithi ya kweli nyuma yake. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek alitumia maji ya nazi kukuza viinitete vichanga vya mnanaha kwenye chupa, na maabara zimeyatumia tangu hapo kwa sababu yana saitokinini. Lakini rudi kwa Skoog na Miller: saitokinini ni homoni ya machipukizi. Haitasaidia mizizi, huenda ikaichelewesha, na sukari ya dafu nje ya chupa safi ya maabara itakuletea uozo ndani ya siku mbili. Dafu ninywe mimi.

Unga wa homoni unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni wa jamii ya auksini na unafanya kazi kwenye vipando vya shina, hasa vigumu. Kwa pothosi hauhitajiki. Kwa jani la ZZ au Saintpaulia nakushauri uuache, maana majani hayo mizizi huiota yenyewe. Kinachosubiriwa ni jicho, na auksini iliyozidi hulichelewesha.

Jani la monstera bado liko dirishani. Nimelihamishia kwenye chupa ndogo na linapendeza. Kwenye trei ya mchanga yalikuwa yamebaki majani kumi na manne ya ZZ, na wiki iliyopita, mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikinyesha usiku, moja lilitokeza pembeni yake ncha ya kijani iliyosokotwa, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Nilimpigia shangazi simu kumwambia. Akaniuliza imetokea juu ya kiazi au ubavuni. Nikachimbua mchanga kidogo kwa kijiti nikaona: juu. Akasema sasa lifukie, na nisilichimbue tena.